KIPEPEO MMOJA, MAJINA MENGI: Namna ya kumtambua Dalaca pallens wa Chile



Mwaka uliopita, kwa kazi ya biolojia, mwalimu alituomba kukusanya vipepeo vya usiku wanaokuja kwenye taa, kisha kuwapanga kwa aina. Kikundi chetu tulikamata kumi na wanane. Tukawapanga kwa rangi: weusi hapa, wekundu pale, wenye mstari mweupe huku. Mwishoni tukaandika aina saba. Mimi ndiye niliyeandika, na mimi ndiye niliyesimama mbele ya klasi kutetea kazi.

Mwalimu akachukua kioo cha kukuzia, akaangalia mmoja mmoja, akasema: «Aina ni nne.»

Nilikasirika. Nikasema: «Mwalimu, macho yetu ni mazima. Huyu mweusi na huyu mwekundu hawawezi kuwa kitu kimoja!» Yeye hakunijibu kwa maneno mengi. Nyuma ya siku mbili, usiku, ukutani chini ya taa, sisi wenyewe tukakuta mweusi na mwekundu wameshikamana, dume na jike. Kumbe ni bwana na bibi! Basi nikanyamaza. Pointi zetu zilikatwa, na zilikatwa kwa haki.

Lakini mwalimu akatuambia: «Musipate haya kupita kiasi. Wataalamu wakubwa wa Ulaya walifanya kosa la namna ile kwa vipepeo vya Chile, na ilichukua zaidi ya miaka mia moja kuitengeneza.» Njo vile nilianza kutafuta habari ya mdudu anayeitwa Dalaca pallens. Leo nataka kuwaeleza ni mdudu gani, anatambuliwa namna gani, na juu ya nini jina lake si jambo la mchezo.

MANENO MATATU YA KUSHIKA KWANZA

Katika habari hii nitasema aina, ukoo, na jamaa. Aina ni wadudu wanaozaana wao kwa wao. Aina zinazofanana na zenye babu mmoja wa karibu zinafanya ukoo. Koo nyingi pamoja zinafanya jamaa. Ni sawasawa na watu: mtoto, mlango wa baba yake, kisha jamaa nzima. Jina la mdudu lina maneno mawili: la kwanza ni la ukoo, na linaandikwa kwa herufi kubwa (Dalaca), la pili ni la aina, kwa herufi ndogo (pallens). Hesabu hii ya majina ya wanyama inaanzia mwaka 1758, katika kitabu cha Linnaeus, mtu wa Sweden.

NI WADUDU GANI HAWA?

Kipepeo wa usiku, kwa Kiswahili cha vitabu, anaitwa nondo. Katika nondo iko jamaa moja inayoitwa Hepialidae. Wazungu wanawaita nondo-mizimu. Jina hili limetoka Ulaya. Kule, aina moja inayoitwa Hepialus humuli ina madume meupe. Jua likishatua, madume haya yanakusanyika juu ya majani na kuelea hapo hapo, huku na huku, kama kitambaa cheupe kilichofungwa kwa uzi, ili majike yawaone. Mtu anayepita kwa giza anashituka, anafikiri ameona mzimu. Si mzimu, ni harusi ya wadudu.

Jamaa hii iko na aina zaidi ya 600 duniani: Ulaya, Asia, Australia, Afrika, na Amerika. Ni jamaa ya zamani sana. Iliachana na nondo wengine mapema, kwa hiyo imebaki na alama nyingi ambazo wengine wameziacha. Wengine wao ni wakubwa ajabu: kule Australia, Zelotypia stacyi anaweza kufika sentimetri 25 toka ncha ya bawa mpaka ncha ya bawa lingine. Na uzazi wao ni wa kushangaza. Jike moja la Trictena, la Australia vilevile, lilihesabiwa mayai 29.100, na lilipopasuliwa walikuta mengine 15.000 ndani ya tumbo! Hawayaweki moja moja kwenye jani kama vipepeo wengine. Wengi wao wanayatupa tu chini wakiwa wanaruka, kama mtu anayepanda mbegu kwa kumwaga.

KWAO NI WAPI, NA JUU YA NINI WATU WANALALAMIKA?

Dalaca pallens ni wa kusini ya Amerika ya Kusini. Anajulikana zaidi katika Chile ya kusini, nchi ya baridi na mvua nyingi, upande wa Temuco, Osorno na kisiwa cha Chiloé. Zamani ilikuwa misitu minene. Toka miaka ya 1850 wageni wengi, Wadachi zaidi, walihamia upande wa Osorno na Llanquihue, wakakata miti, wakapanda majani ya ng'ombe. Leo ni nchi ya maziwa na nyama.

Na kiwavi wa Dalaca anapenda nini? Majani yale yale! Ng'ombe na kiwavi wanakula kwenye sahani moja. Mchana kiwavi anakaa ndani ya shimo alilochimba katika udongo, amelitandika na nyuzi zake kama hariri. Usiku anatoka, anakata majani karibu na shina, kisha anarudi. Wachungaji wa Chile wanamwita cuncunilla negra, maana yake kiwavi mdogo mweusi.

Mwaka wake unakwenda hivi. (Mukumbuke kama kule miezi inageuka: Januari ni wakati wa joto, Julai ni baridi.) Nondo wakubwa wanaruka mwishoni wa joto, karibu na Februari na Machi. Hawali kitu, maana kinywa chao hakina kazi tena. Wanaoana, wanamwaga mayai, wanakufa. Viwavi wanatoka, ni wadogo, hakuna anayewaona. Wanaendelea kukua miezi ya Aprili na Mei. Ikifika Juni mpaka Agosti, wamekuwa wakubwa na walafi, na ni wakati ule ule majani yanaota polepole juu ya baridi. Hapo mwenye ng'ombe anaona shamba limekuwa na mabaka ya udongo mtupu, na ng'ombe hawana chakula.

HATUA YA KWANZA: KUJUA JAMAA

Tuseme umeshika nondo kule Osorno. Utajua namna gani kama ni wa Hepialidae? Usianze na rangi. Angalia alama nne:

1. Pembe (antena). Kwa Hepialidae ni fupi sana, hazilingani na mwili.

2. Kinywa. Kipepeo wa maua ana mrija mrefu uliojikunja. Huyu hana mrija unaofanya kazi.

3. Mabawa. Kwa nondo wa kawaida, bawa la nyuma lina mishipa michache kupita la mbele. Kwa Hepialidae, mishipa ya mbele na ya nyuma inafanana karibu kabisa. Hii ni alama ya uzee wa jamaa.

4. Namna ya kuunganisha mabawa. Nondo wengi wana unywele mgumu kwenye bawa la nyuma unaoshikilia la mbele. Hepialidae hawana unywele ule. Wana kidole kidogo kwenye mwanzo wa bawa la mbele, kinachoitwa jugum, neno la Kilatini maana yake nira. Ni kama nira ya ng'ombe wawili!

Iko na alama ya tano, lakini inaomba mikroskopi. Jike lina milango miwili tofauti, mmoja wa kupokea mbegu ya dume na mmoja wa kutoa mayai, na mbegu inapita toka mlango moja mpaka mwingine kwa mfereji ulio nje ya mwili. Wataalamu wanaitumia sana kwa kuweka jamaa hii pahali pake.

HATUA YA PILI: KUJUA UKOO NA AINA

Hapa ndipo watu walipotea. Nondo wa Dalaca pallens hawana sura moja. Wengine ni wa rangi ya kahawia hafifu, wengine wamekolea. Wengine wana madoa na mistari inayoonekana vizuri, wengine karibu hawana. Jina pallens kwa Kilatini ni «aliyefifia», lakini ukienda na jina tu, ukamtafuta aliyefifia peke yake, utaacha ndugu zake wengi nje. Na tena mabawa yao yamefunikwa na magamba madogo sana kama unga. Nondo aliyeruka siku tatu amekwisha kupoteza unga mwingi, na rangi yake si ile aliyozaliwa nayo.

Basi wataalamu wanafanya nini? Wanaangalia viungo vya uzazi vya dume, vilivyo mwisho wa tumbo. Wanakata tumbo la mdudu mkavu, wanalichemsha katika maji ya potasi kali ili nyama iyeyuke, inabaki ngozi ngumu peke yake. Kisha wanaisafisha na kuiweka chini ya mikroskopi. Pale wanaona vipande vidogo vigumu, kila kimoja na umbo lake. Rangi inageuka toka mdudu mpaka mdudu, lakini umbo la vipande hivi halichezi sana ndani ya aina moja, na kwa aina nyingine ni tofauti. Ni kama kitasa na ufunguo: nyumba mbili zinaweza kupakwa rangi moja, lakini ufunguo wa moja haufungui ya pili.

Siku hizi wanaongeza kazi ya ADN. Wanachukua mguu mmoja wa mdudu, wanasoma kipande kidogo cha ADN, wanalinganisha. Hii inasaidia sana kwa viwavi, maana kiwavi hana mabawa wala viungo vya uzazi vya kuangalia. Lakini ADN peke yake haitoi jina. Lazima pawe mdudu aliyekwisha kutambuliwa vizuri wa kulinganisha naye.

HABARI YA MAJINA

Mwanzoni wa miaka ya 1850, Mfaransa Émile Blanchard aliandika sehemu ya wadudu katika kitabu kikubwa cha Claudio Gay juu ya nchi ya Chile. Hapo ndipo jina pallens lilitolewa. Kwa mwaka 1856, Francis Walker, aliyekuwa akifanya kazi ya kupanga wadudu wa British Museum kule London, alitoa jina la ukoo Dalaca. Kwa hiyo leo tunaandika: Dalaca pallens (Blanchard). Muone mabano yale! Si mapambo. Yanasema: Blanchard alimpa jina la aina, lakini alimweka katika ukoo mwingine, na mtu wa nyuma yake alimhamisha. Kama hakuna mabano, maana yake mdudu angali katika ukoo ule ule aliowekwa na wa kwanza. Mabano mawili madogo yanasimulia safari nzima.

Kisha wakaja wengine. Mmoja anapokea nondo mkavu toka Chile, mweusi kidogo, anasema: huyu ni mpya, anampa jina. Mwingine anapokea jike, ni kubwa kupita dume, anampa jina lingine. Hawakuwa wajinga. Walikuwa Ulaya, mbali sana, na mara nyingi walikuwa na wadudu wachache tu mkononi, hawakuona shamba lenyewe ambamo wote wanaruka pamoja usiku mmoja. Karibu na 1950, Pierre Viette wa muzeo ya Paris aliifanyia jamaa hii kazi kubwa, akatoa majina mengi ya koo na ya aina.

Mwaka 1983, Ebbe Nielsen, mtu wa Danemark, na Gaden Robinson, Mwingereza, walitoa kitabu kizima juu ya nondo-mizimu vya kusini ya Amerika ya Kusini. Walitafuta wadudu wale wa kwanza kabisa ambao majina yalitolewa kwao, wakawalinganisha na wadudu wengi wengine, madume na majike, toka pahali pengi, na viungo vyao vya ndani. Majina kadhaa yaliyofikiriwa kuwa ya aina mbalimbali yakaonekana kuwa ya mdudu mmoja. Aina zingine zilizochanganywa zikatenganishwa.

Na wakati majina mengi yanakutana kwa mdudu mmoja, linabaki lipi? Sheria ni moja: la zamani zaidi. Si zuri zaidi, si la mtaalamu mwenye sifa kubwa. Mengine hayatupwi, yanaandikwa chini yake ili mtu akiyakuta katika vitabu vya zamani ajue wanasema nani.

Kitu kingine cha kuchekesha. Katika nondo hawa wa Chile, mutakuta Dalaca chiliensis, Puermytrans chiliensis, na Andeabatis chilensis. Wote watatu jina lao la pili ni «wa Chile»! Ukisema tu «nimekamata chiliensis», ni sawa na kupiga mwito uwanjani: «Jean!» Watageuka wengi. Lazima useme na jina la ukoo.

KOSA LA JINA LINA BEI

Mtu atauliza: «Sasa mwenye ng'ombe atafanya nini na Kilatini?» Ni ulizo nzuri.

Kwanza, katika mashamba yale yale ya Chile kuna mdudu mwingine, Hylamorpha elegans, ambaye ni mdudu wa mgongo mgumu. Mtoto wake ni funza mweupe, aliyejikunja kama herufi C, anakaa chini ya udongo na kukata mizizi. Mtu akiangalia toka mbali, majani yamekauka kwa wote wawili. Lakini funza yule ana miguu sita tu, wala hatoki usiku kula majani. Kiwavi wa Dalaca ana miguu sita mbele, na nyuma yake jozi tano za miguu ya nyama, na usiku yuko nje. Mwenye kuwachanganya atatia dawa juu ya majani kwa mdudu asiyekula majani. Pesa imepotea, na dawa imeua wadudu wengine bule.

Pili, jina cuncunilla negra linafunika zaidi ya aina moja ya Dalaca. Kama kitabu kinasema nondo wanaruka mwezi fulani, lazima ujue ni aina gani iliyoangaliwa. Dawa inasaidia wakati viwavi wangali wadogo. Ukichelewa mpaka baridi kali, wamekwisha kula. Kwa hiyo watu wa INIA, shirika la Chile la uchunguzi wa kilimo, wanawafundisha wenye mashamba kufunua udongo mapema na kuhesabu viwavi, kabla mabaka hayajaonekana.

Tatu, adui wa kiwavi naye anaomba jina sahihi. Ndege wanawala, na kuna kuvu ndogo sana zinazoingia ndani ya mwili wa mdudu na kumwua. INIA wamezijaribu kwa viwavi hawa. Lakini kuvu inayoua mdudu mmoja inaweza kumwacha mwingine mzima. Bila jina, jaribio la mwaka huu halimsaidii mtu wa mwaka ujao.

NA SISI HUKU?

Musifikiri hii ni habari ya mbali tu. Aina kadhaa za nondo wa Afrika ziliwekwa zamani ndani ya ukoo Dalaca, pamoja na wale wa Chile, juu walifanana kwa sura. Viette, mwaka 1950, aliwatoa, akawapa ukoo wao Eudalaca. Walikuwa wamehesabiwa watoto wa nyumba moja, kumbe ni majirani tu, na bahari katikati.

Na mukumbuke mahindi yetu. Mwaka 2016 kiwavi toka Amerika, Spodoptera frugiperda, alionekana mara ya kwanza katika Afrika, na bila kukawia akaingia katika mashamba ya Kongo. Wazazi wengi walifikiri ni yule yule wa zamani, Spodoptera exempta wa huku, anayekuja kwa makundi kisha anapita. Huyu mgeni hapiti, anakaa ndani ya shina. Alama yake: karibu na mkia, madoa manne meusi yaliyopangwa kama pembe nne za dirisha, na usoni mstari mweupe kama Y iliyopinduliwa. Mtoto wa shule anayejua madoa manne yale anaweza kumwambia mama yake mapema. Hiyo ndiyo faida ya kutambua.

Basi nimejifunza haya, na nawaachia ninyi wa klasi za chini ambao mutafanya kazi ile mwaka huu:

– Usipange wadudu kwa rangi peke yake. Anza na pembe, kinywa, miguu, mishipa ya mabawa.
– Kamata wengi, si mmoja. Tafuta dume na jike. Ukikuta wawili wameshikamana, waweke pamoja na uandike.
– Kila mdudu awe na karatasi yake: pahali, tarehe, saa, na alikutwa wapi (taani, juu ya jani, ndani ya udongo). Mdudu mzuri bila karatasi ni pambo tu.
– Ukikuta kiwavi, mlishe ndani ya chupa mpaka ageuke. Hapo utajua mtoto ni wa mama gani.
– Kama hujui jina, andika «sijui», usitunge. Jina la uongo linakaa muda mrefu kupita ulizo la haki. Mumeona, kwa Dalaca ilibidi watu waje kusafisha nyuma ya miaka mia moja na zaidi.

Karatasi yangu yenye aina saba ningali nayo ndani ya daftari. Nimepiga mstari juu ya majina matatu kwa biki nyekundu, lakini sikuyafuta, ili yasomeke chini yake.

Mwanafunzi wa mwaka wa tano, biolojia-kemia